Kiti cha Mbele cha Datsun

Eliakim Oyoo alikuwa na gari ambalo halikwenda popote. Sisemi lilikuwa bovu. Lilikuwa Datsun nzima, lina magurudumu manne na petroli kidogo, limeegeshwa kando ya nyumba yake kwenye laini za wafanyikazi wa shamba la chai, karibu na Kapsoit. Mimi nilikaa mlango wa pili, na gari hilo lilinichosha roho.

Alilinunua kwa ajili ya mama yake. Mama Aluoch aliishi kwao bondeni, upande wa Awasi, ambako joto halina adabu, na maishani mwake hakuwahi kuona shamba la chai. Kila Oyoo alipokwenda kumsalimia alimwuliza, "Hayo majani yaliyoniibia mtoto yakoje?" Oyoo akaapa kwamba atamleta ayaone kwa macho yake, ameketi mbele kama mke wa chifu. Kiti hicho cha mbele alikishonea kitambaa kipya, akakifunika nailoni, na hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Hata mimi, rafiki yake wa kufa na kuzikana, nilikaa nyuma.

Lakini safari haikukosa kisingizio. Kwanza tairi, halafu bima, halafu likizo, halafu mvua. Mwisho akawa ananiambia, "Krismasi, Gekara. Krismasi naenda." Krismasi za Oyoo zilipita nikazizoea.

Alichofanya na gari ni kusikiliza redio. Jioni, tukishapima majani, aliingia, akageuza ufunguo nusu, injini haiwaki ili asimalize petroli, akatafuta matangazo ya Kijaluo kutoka Kisumu. Mimi Mkisii nilikuwa nikiambulia neno hapa na pale, lakini uso wake niliusoma wote. Sauti ya kwao ikitaja mafuriko ya Nyando au bei ya dagaa wa omena, alifumba macho. Kwao si mbali, siku isiyo na ukungu unaliona bonde lenyewe kule chini. Nadhani ndiyo maana aliumia hivyo. Alikuwa na hamu ya nyumbani kama mtu aliye ng'ambo.

Mzee Hezekiah, aliyetuletea maziwa, alimwonya kuhusu betri, kwa lafudhi yake ya Kikipsigis.

"Oyoo, hiyo petri ni kama ng'ombe. Wewe unakamua tu, nyasi hupeani."

"Ni redio ndogo, mzee."

"Hata ndama ni mdogo, na anamaliza maziwa."

Tulicheka. Jumamosi moja, Novemba ya mwaka wa tisini na sita, tulikuwa tumekaa garini hivyo hivyo, saa ya matangazo ya watu binafsi. Ghafla Oyoo akakaa wima. Hata mimi nililisikia jina. Eliakim Oyoo, mfanyikazi wa chai Kericho, popote alipo, anahitajika nyumbani haraka. Basi. Redio haikuwa na desturi ya kusema zaidi ya hapo. Maneno hayo yaweza kuwa ugonjwa, na yaweza kuwa lile lingine.

Akageuza ufunguo. Tik. Akageuza tena. Tik. Redio bado ilikuwa inaongea, sasa ikitangaza ng'ombe waliopotea. Nguvu ya kuongea ilikuwepo, ya kwenda haikuwepo.

"Twende barabarani tushike matatu," nikamwambia.

"Nilimwambia nitakuja na gari."

"Oyoo, wacha wazimu!"

"Kama ni mgonjwa, atakaaje kwenye matatu? Nitampeleka hospitali na hiki kiti, Gekara. Hiki."

Hezekiah, aliyekuwa amefika na maziwa ya jioni, aliweka mtungi chini, maneno yake ya ng'ombe hakuyataja, akainama nyuma ya gari. Tukasukuma, pamoja na wanawake waliokuwa wakirudi kutoka kuchuma. Kwenye mteremko Datsun ikakohoa, ikashika, nikarukia kiti cha nyuma.

"Usisime injini mpaka urudi!" Hezekiah akatupigia kelele.

Njiani Oyoo aliizima redio. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukirudi kila mara kwenye kile kiti, ukilainisha nailoni. Tulipomaliza kuteremka joto likatupokea, naye akafungua dirisha akavuta hewa ya kwao.

Tuliingia kwa Mama Aluoch jua halijazama. Watu walikuwa wengi uani. Niliona viti vimepangwa, nikaelewa, nikatamani Oyoo asivione. Dada yake Syprose akaja polepole, leso kiunoni. Oyoo aliacha injini ikinguruma, akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa mbele, akairarua ile nailoni kwa mikono miwili.

"Mleteni upesi," akasema. "Nikizima gari halitawaka tena."

Syprose akakitazama kile kitambaa kipya, halafu akamtazama yeye.

"Zima tu, ndugu yangu."

Oyoo akapitisha mkono, akageuza ufunguo. Injini iliponyamaza ndipo tukasikia vilio kutoka ndani ya nyumba.