Makofi ya Ukumbini

Wiki iliyopita nilipita kando ya ukumbi wa Shauri Moyo, nikasikia watoto wakicheza capoeira, ule mchezo wa mateke na dansi. Makofi yao yalinitoa jasho viganjani.

Nilikuwa mdogo kaka yangu Musyoka aliponipeleka humo. Ukumbi ulinuka vumbi na soksi. Mwalimu aligonga uta wa muziki wenye waya uliotolewa kwenye tairi kuukuu, sisi tukaketi duara tukipiga makofi, na Musyoka akaingia katikati na jamaa mrefu wa mtaa wa Huruma. Mateke yakaanza kupita juu ya kichwa cha kaka yangu.

Niliamini makofi ndiyo yaliyowafanya wapigane. Nikaacha.

"Wewe mdogo, piga makofi! Ama umelala?" mwalimu akanitania.

Nikaikalia mikono yangu. Wengine waliendelea. Nikamshika mkono msichana aliyeketi kando yangu, akauchomoa. Nikaanza kulia.

Musyoka akageuka kunitazama. Teke ambalo angelikwepa likampata mdomoni.

Sasa najua mateke yale yalirushwa ili yakwepwe. Kama ningeendelea kupiga makofi, asingegeuka.

Tukirudi nyumbani alitema damu, akaniuliza bila hasira, "Na mbona uliacha?"

Nikalia tena.

"Basi usiambie mathe," akasema, maana mama angemkataza kurudi.

Wiki iliyopita nilisimama mlangoni mwa ukumbi ule. Mtoto mmoja aliniashiria nipige makofi pamoja nao. Nilitoa mikono mfukoni, kisha nikashindwa kujua niifanyie nini.