Magodoro ya Joka

Kosa nitakalolieleza hapa ni la mtu kujitangaza kwamba amefanya kazi peke yake, ilhali ameegemea migongo ya wenzake. Aliyelitenda ni mdogo wangu, fundi wa kuchomelea mageti pale kituo cha Kawangware 56. Baada ya kusoma riwaya nene za falme za kubuni nilizomwazima, aliamua kurekodi albamu ya roki nzito kuhusu joka linalotawala milima ya majivu. Gitaa angepiga mwenyewe, ngoma angepiga mwenyewe, na kunguruma angenguruma mwenyewe.

Mimi nilisahihisha mashairi. Nililikataza joka kuoa malkia watatu, na sijutii.

Studio ilikuwa chumba chake cha kupanga kule Kianda. Kuta za mabati hurudisha sauti kwa ukali, kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi alizunguka ploti, yaani vyumba vyote vya kupanga vya ua ule, akiazima magodoro ya majirani na kuyaegemeza ukutani. Jioni aliyarudisha, maana wenyewe walihitaji kulala. Godoro la mwenye bodaboda lilinuka petroli. La mama muuza samaki sitalieleza. Watoto wa ploti nzima walikatazwa kupiga chafya.

Ulipobaki wimbo mmoja, ule wa kifo cha joka, alibandika langoni bango la kuitangaza albamu: picha yake amefumba macho, na maneno, "Kila sauti, kila kazi: mimi peke yangu."

Nilimwambia aliondoe.

"Sista, hiyo ndiyo maana ya solo," akanijibu.

Jumamosi iliyofuata alianza kugonga milango.

"Niaje, naomba lile godoro."

"Godoro limechoka, buda," akasema wa bodaboda bila kuinuka. "Si uko peke yako?"

Muuza samaki hata hakufungua. "Ambia joka lilalie mkeka!"

Akajaribu kurekodi hivyo hivyo. Joka lililopaswa kufa kishujaa lilisikika kama sufuria iliyoangushwa sakafuni. Maikrofoni ilikuwa ya kanisa letu. Niliiomba kwa shida, na mzee wa kwaya alikwisha kuapa kwamba ikirudi jioni ile haitatoka tena. Mdogo wangu akaketi kitandani, gitaa mapajani. Wimbo huo usipopatikana siku hiyo, albamu ingebaki bila mwisho.

Ndipo mwenye nyumba, mama wa Kinubi mwenye sauti ya kutosha uwanja mzima, akasimama mlangoni.

"Wewe mwanangu, unaua mnyama gani? Mbona analia vibaya hivyo?"

"Ni joka, mama. Nimekosa magodoro."

"Umekosa adabu. Godoro langu utapata. Lakini lile karatasi lako litoke kwanza, na watu uwaombe radhi mwenyewe."

Mdogo wangu akalibandua bango mbele ya ploti nzima, akapita mlango kwa mlango akiomba radhi huku wa bodaboda akimcheka. Mama yule akatangulia kuleta godoro lake, jekundu, zito, la tangu arusi yake. Aibu ikawashika waliobaki. Wakaleta yao, hata lile la samaki.

Joka likafa vizuri mno. Liliponguruma mara ya mwisho, majirani wakashangilia uani na mwenye nyumba akapiga vigelegele, vyote vikaingia kwenye rekodi. Nilitarajia mdogo wangu avifute. Hakuvifuta.

Bango jipya aliliandika kwa mkono, nami nikalisahihisha. Jina lake liko chini kabisa, baada ya majirani wote. La juu, kwa herufi kubwa kuliko za joka lenyewe, ni la mwenye nyumba, kama sote tunavyomwita: Mama Ploti.