Laurette Apaka Nta Mbao za Mwenzake

Saa tisa alasiri, duka la dobi pale Umbilo linanuka sabuni na nta. Laurette amemaliza mashati ya wateja. Sasa anashika pasi ya pili, ile kuukuu, anayeyusha nta juu ya mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji.

Mbao si zake. Ni za Aurélie, binti wa miaka kumi na tisa ambaye Laurette mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

Laurette, mkimbizi kutoka Bukavu, ana miaka thelathini na minne. Milima ya Lesotho aliipanda kwenda kufua mashuka ya hoteli. Mwalimu mmoja wa mchezo huo akamwazima mbao siku ya mapumziko. Tangu hapo ameshindana misimu tisa ya baridi, akishuka mteremko mbio huku akikata kona katikati ya vijiti.

"Asiye na jina anashuka wa mwisho," anasema. "Wenzako wameshachimba mitaro kwenye theluji. Unapewa makombo, halafu wanakuuliza mbona umechelewa."

Mwaka juzi mtaro kama huo ulimvunja goti. Limepona. Kila asubuhi anateremka barabara ya Sydenham kwa viatu vya magurudumu mpaka kwenye robot, taa za kuongozea magari. Lakini klabu yao ina nafasi moja tu ya mashindano ya Jumamosi huko Lesotho, na amepewa Aurélie. Laurette ameambiwa aende kupaka nta.

Aurélie anachungulia mlangoni. Humwita Laurette yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, zangu iko tayari?"

"Bado iko moto. Usiguse."

"Umenipakia nzuri?"

"Ukitaka kuanguka, anguka mwenyewe. Nta yangu usiisingizie."

Binti anacheka, kisha anaacha kucheka.

Nta isiyofaa hung'ang'ania theluji, mbao zikawa nzito, na hakuna atakayejua. Laurette anajua.

"Shetani alikuja Jumatatu, akakaa hapo juu ya kikapu cha nguo," anasema taratibu. "Nikamwacha akae. Nikapaka nta ya haki, na leo napaka tena."

Hata hivyo, kanuni zinaruhusu kubadilisha mchezaji hadi jioni ya kuamkia mashindano. Kwa hiyo Ijumaa atapakia na mbao zake mwenyewe kwenye taxi ya kwenda huko.

"Siombi mtoto wa watu augue," anasema, akizifunga jozi zote mbili kwa shuka moja. "Eish, lakini kila nikipiga magoti kanisani, hili goti linauma, na najua linaomba nini."