Suruali ya Alhamisi

Fundi cherehani tuliyemwita Dada Mkubwa, maana nusu ya mtaa ilimwita dada, hakuwahi kuhojiwa na mtu mpaka kijana mmoja alipojilipua mlangoni mwa posta na kuua watu tisa. Siku mbili kabla, kijana huyo alimpelekea suruali apunguze urefu. Aliomba aichukue Alhamisi. Akajilipua Jumatano.

Polisi walikuja wakaibeba suruali. Kisha akaja mwandishi wa redio. Dada Mkubwa akamweleza alichokumbuka: kijana alisimama juu ya kigoda, akapimwa, na muda wote alikuwa kimya. Mwandishi akashukuru, akaondoka.

Jioni, yeye na mdogo wake, mwalimu wa chekechea, walisikiliza mjadala redioni huku wakikunja nguo. Mchambuzi wa kwanza alisema chanzo ni umaskini. Wa pili akasema la, ni mafundisho potofu. Wa tatu akamtaja baba aliyemtelekeza kijana akiwa mdogo, akaongeza kwamba hata fundi wake aliuona ule ukimya, ukimya wa mtu aliyekwisha kuiaga dunia.

Dada Mkubwa akaacha kukunja.

"Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze," alisema. "Nilikuwa na pini mdomoni, na kila akicheka mguu unatikisika."

"Alikuwa anacheka nini?" mdogo wake aliuliza.

"Mguu mmoja ulimzidi mwenzake urefu, nikamtania kwamba haikuzaliwa siku moja."

Mdogo wake akamshauri awapigie simu awasahihishe. Asubuhi alipiga, wakampokea vizuri. Mchana mchambuzi yuleyule wa tatu akatangaza kwamba kicheko hicho ni ushahidi mkubwa zaidi, kwani aliyekwisha kuamua huwa mwepesi wa moyo. Dada Mkubwa akazima redio. Akinyamaza, ameamua; akicheka, ameamua. Na suruali ya Alhamisi je? Hiyo hawakuigusa. Yeye mwenyewe aliigeuza kichwani asiipatie mahali. Labda kijana alikuwa bado hajaamua. Labda aliamua zamani, akataka tu aonekane wa kawaida. Labda alitaka suruali.

Jumatatu akaja muuza vifungo, ambaye mkewe alifia pale posta alipokwenda kutuma barua. Hakuleta vifungo. Aliketi kwenye benchi la wateja, akasema amesikia sababu tatu redioni, na sasa amekuja kwa mtu aliyemwona kwa macho.

"Shemeji, wewe ulimgusa," alisema. "Alimchukia nani?"

Dada Mkubwa alitamani ampe kitu, hata cha kubuni. Lakini alimwambia hajui. Kijana alimwamkia kwa heshima, akamwokotea sindano iliyoanguka, na alipotoka alirudishia mlango polepole. Dada Mkubwa alisema kijana huyo angekuwa mkali, yeye angepata usingizi.

 Muuza vifungo akauliza kama mjadala wa saa tisa umeanza.

"Umeanza."

"Basi washa. Huenda leo wakajua."

Akawasha. Mgeni mpya, profesa, alikuwa anasema wenzake wote wamekosea. Muuza vifungo akainamia redio, kiganja nyuma ya sikio. Dada Mkubwa alishika kitambaa bila kushona, asijue kama anataka profesa huyo awe sahihi au akosee naye.