Babu Kagua na Ghala la Magodoro

Kwenye kituo cha zimamoto wanamwita Babu Kagua, naye hulipenda jina hilo kuliko cheo chake. Ana miaka thelathini kazini, na kila asubuhi hupita akivuta mikanda ya wenzake na kugonga mitungi yao ya hewa kwa kidole kilichopinda. "Huu mkanda umefunga au umepamba?" huuliza, na mwenye mkanda huukaza kimya kimya. Juzi mchana ghala la magodoro liliwaka, na mwenye ghala akamshika mkono akimsihi akiingize kikosi ndani.

"Kuna mtu humo?"

"Hakuna, mzee wangu. Lakini mali yangu yote imo."

Babu Kagua alilitazama paa lililoanza kubonyea, akawaamuru wote warudi nyuma wamwage maji wakiwa nje. "Magodoro yatashonwa mengine, ndugu yangu," akamwambia. "Hawa vijana, mama zao wameshafunga uzazi."

Wenzake walikuwa bado wanajizuia kucheka paa lilipoporomoka, likaziba mlango wote. Babu Kagua alipita akigusa kofia moja moja, akawahesabu wote sita, kisha akarudi mwanzo akahesabu tena.