Siku Haji Aliposhindwa Kuitikia

Mpaka leo nikipita kwa seremala nikasikia msasa unavyokwaruza mbao, kiganja changu huanza kuwasha. Sababu ni baba. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza, na Kiingereza chake alikifundisha kwa mikono. Baada ya sala ya Magharibi tulikaa mkekani, katika nyumba yetu ya Mji Mkongwe, akanisugua kiganja kwa kipande cha msasa. "Hiyo ndiyo rough." Kisha akanitilia chumvi ya mawe. "Na hii coarse. Usichanganye." Nilipomuuliza neno la tatu, rude, nayo iko wapi niishike, alicheka. "Hiyo haishikiki, mwanangu. Jiwe litakuchubua, lakini jiwe halina ufidhuli. Ufidhuli ni wa binadamu peke yake."

Pembeni yangu alikaa Haji, kijana wa Makunduchi aliyekuja mjini kusoma. Hakuwa na jamaa hapa, basi alikula kwetu na kulala kwetu miaka yote ya skuli. Nikimwamkia, "Shikamoo Kaka Haji," huitikia, "Marahabaa, mdogo wangu," kwa kuvuta sauti kama mzee, mpaka mama anacheka huko jikoni.

Yakaja Mapinduzi. Haji akapata cheo, nasi tukafurahi, wallahi tulifurahi. Nyumba za mtaani zilikuwa zikichukuliwa moja baada ya moja, na kila tuliposikia ya jirani imekwenda, mama alisema, "Sisi tuna Haji."

Naam, Haji alikuja. Hakupiga hodi. Aliingia na vijana wawili, akaukanyaga kwa viatu mkeka aliokuwa akilalia. "Wewe Masudi," akamwambia baba, "nyumba hii ni ya serikali. Kesho alasiri nikukute ushatoka." Masudi! Mtu ambaye siku zote alimwita Mwalimu, hata akimtaja kwa nyuma.

 Mama, roho imemruka, akanisukuma mbele. "Mwamkie kaka yako." Nilikuwa na miaka tisa, lakini nilijua ananituma nikaombe nyumba. "Shikamoo Kaka Haji," nikasema. Akafungua kinywa. Nilimwona kwa macho yangu. Kisha akakifunga, akageuka, akawafokea wale vijana wake bila ya sababu, akatoka.

Tukahamia Ng'ambo, watu watatu chumba kimoja. Siku ya kwanza tu, kwa hasira zangu, nikamwambia baba, "Sasa nnaijua rude. Ni Haji." Nilingojea anisifu. Akatikisa kichwa.

"Haji adabu anayo," akasema. "Angekuwa hana, angekuitikia."

Nikaona mzee wangu msiba umemchanganya. Mtu katutoa nje na vyombo vyetu, halafu anatetewa!

Baba alifia mule chumbani, hakwenda tena hata kuitazama ile nyumba. Miaka mingi baadaye nilikwenda mwenyewe ofisini kuiomba. Mkubwa wa pale aliniitikia marahaba kabla sijamaliza kumwamkia. "Karibu mwanangu, kaa kitako. Ushakunywa chai?" Akaniulizia hali ya mama, akamrehemu baba, akaniombea dua. Kisha, kwa sauti ile ile tamu, akaniambia nyumba ishapewa mtu na nisijisumbue kurudi. Macho makavu!

Hapo ndipo nilipomwelewa baba. Haji alijua kwamba akinijibu marahaba hatoweza kututoa, ndiyo akauvaa ufidhuli apate kuifanya kazi aliyotumwa. Huyu aliitikia, akatutoa mara ya pili, na akanisindikiza mpaka mlangoni. Njiani nikirudi nilimkumbuka Haji karibu kwa huruma. Nimesema karibu. Kumsamehe, bado.