Mngurumo Nyuma ya Nyimbo

Fundi wa kurekodi muziki alikuwa akiipokea habari ya kila toleo jipya la programu kama apokewavyo mgeni aliyekuja na godoro lake: kwa salamu ndefu na mlango nusu. Vidole vyake vinene vilipapasa vitufe pasipo kutazamwa, na kila alipotaka kutamka neno zito alivua kwanza hedifoni. "Mwenyezi Mungu," alikuwa akisema, "hajatoa toleo la pili la sikio." Siku moja kaka wa mkewe, mwimbaji, aliingia katika chumba kimoja ambamo fundi na waimbaji walirekodi pamoja, akitaka uondolewe mngurumo uliosikika nyuma ya nyimbo zake zote. "Ni friji ya jirani," fundi akasema. "Friji gani, shemeji, inayofuata mapigo? Toleo jipya linatenganisha sauti. Lijaribu, la sivyo nahamia studio ya ng'ambo ya barabara." Fundi akavua hedifoni, akaulaani uvivu wa zama hizi, kisha akabonyeza, nia yake ikiwa ni kuiumbua programu tu. Ngoma zikaenda kando, gitaa likaenda kando, mwimbaji naye akaenda kando. Ikabaki peke yake sauti nzito ya mtu mzima aliyekuwa akiufuatisha wimbo kwa raha zake, huku akikosea maneno. Mwimbaji akacheka hadi akaushika ukuta. "Shemeji! Kumbe friji ni wewe!" Fundi akafumba macho, akasikiliza hadi mwisho. Kisha, kwa kidole kimoja, taratibu, akaipandisha sauti ile kidogo. "Hapa," akasema, "jamaa wa programu hii wamefanya kazi ya maana."